Bu Parjiyem na Njia ya Mtaa wa Kenanga

Wasikilizaji wapendwa wa mtaa wa Kenanga, na nyote mlio hapa mjini Solo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Bu Parjiyem, mama yetu muuza jamu, ile dawa ya mitishamba ya kunywa. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na tisa. Tunamkumbuka kwa upendo. Tunamkumbuka pia kwa aibu, na aibu hiyo ni yetu.

Kwa miaka thelathini alipita mtaani kwa baiskeli, chupa za jamu ya binzari na tangawizi zikigongana kikapuni. Alijua nani anaumwa mgongo na nani kajifungua. Mwenye homa alimiminiwa glasi ya pili bila kuomba.

Miaka sita iliyopita Retno, mtoto wa darasa la pili, aligongwa na pikipiki akienda shule. Alivunjika mguu. Njia ya pembeni, ile ya waenda kwa miguu na baiskeli, ilikuwa imejaa magari yetu, basi mtoto akashukia barabarani.

Hapo ndipo Bu Parjiyem alipoanza. Akaenda manispaa, akarudi, akaenda tena. Mwishowe wakamwambia: iacheni njia wazi mwezi mmoja, nasi tutaweka nguzo za kuzuia magari. Mwezi mmoja tu, wasikilizaji.

Alipita nyumba arobaini na tatu. Zote zilimjibu inggih, Bu, ndiyo, mama. Tunajijua. Kumwambia mtu mzima hapana usoni hatuwezi. Tunainama, tunasema ndiyo kwa adabu zote, kisha tunaendelea kama jana. Naye alikuwa mtu wa hapa hapa, alilijua hilo. Binti yake, Mbak Wening, anakumbuka alivyorudi akavua viatu na kucheka peke yake. "Wote wamekubali, Ning," alisema. "Labda safari hii wawili watatu wamekubali kweli."

Afisa wa manispaa alipokuja kukagua, alikuta magari kumi na moja. Akafunga faili lake akaondoka.

Gari la kwanza lilikuwa la Pak Wiharto, muuza vitambaa vya batiki. Ameruhusu yasemwe. Kila asubuhi Bu Parjiyem alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma barabarani kulizunguka gari hilo, kisha akasimama mlangoni kwa Pak Wiharto kumpa jamu yake. Pak Wiharto aliinywa huku ameegemea gari, akimtania.

"Bu Yem, wewe ni muuza jamu au askari wa trafiki?"

"Askari ana mshahara, Pak. Kunywa, inapoa."

Miaka sita hivyo. Hakuwahi kumnyima glasi.

Jumatano, waliobeba jeneza walifika kwenye gari lile wakasimama. Njia imezibwa. Barabarani malori ya mchanga yanapita mfululizo. Ufunguo alikuwa nao kijana wa Pak Wiharto, naye alikuwa mji wa pili, Klaten. Pak Wiharto alisimama na saruni yake ya heshima, akijipapasa mifuko aliyojua haina kitu. Hakuna aliyemsema, na hilo lilimuuma zaidi. Wanaume wakalinyanyua jeneza na kulipitisha juu ya paa la gari, wa nyuma wakiwapokeza wa mbele. Yeye pia alishika. Maua ya yasmini yakadondoka kwenye kioo.

"Alinizunguka miaka sita kwa miguu yake," anasema Pak Wiharto. "Siku moja tu kabebwa, na bado nikamzuia."

Alikwenda kumwomba radhi Mbak Wening. Akakaribishwa chai, ikiwa na sukari nyingi anavyoipenda. Kisha Mbak Wening akamwambia taratibu, "Mama hakuwa na kinyongo na wewe, Pak. Ila msamaha usiniombe mimi. Kesho saa kumi na mbili na nusu watoto wanapita pale."

Jioni ile ile gari lake lilihamia uani, kati ya kamba za nguo.

Mbak Wening, na wajukuu wote, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu. Familia inaomba tusilete yale mabango makubwa ya maua ya rambirambi. Tungeyasimamisha wapi, kama si kwenye njia?

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii tumeyahesabu magari. Yamebaki kumi. Sasa tunapiga muziki wa gamelan, dakika tano. Kama moja kati ya hayo kumi ni lako, nenda ukalisogeze. Tutakungoja.