Mama Stoo Akabidhi Funguo: Miaka Thelathini na Miwili ya Buti, Bereti na Kadeti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi kamili alasiri, mtunza stoo wa Kikosi chetu cha Kadeti Vijana alifunga mlango wa stoo, akausukuma kwa bega kuhakikisha umefungika, akausukuma tena kwa kutomwamini yule aliyeufunga, yaani yeye mwenyewe, kisha akakabidhi funguo. Alikuwa amekitumikia kikosi kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Barua yake ya ajira, ambayo mimi karani ndiye ninayeitunza, inasema ameajiriwa kwa muda wa wiki tatu.

Wiki hizo tatu zilitokana na paa. Mvua ilivuja ndani ya ukumbi, sare zote zikalowa, na kamanda wa wakati ule akatafuta mtu wa kuzifua na kuzipiga pasi. Kazi ikaisha kwa muda uliopangwa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aache, na yeye, kwa maelezo yake, aliona si adabu kuuliza.

Jina lake limo ndani ya barua hiyo, lakini halijawahi kutumika. Mume wake, fundi redio, alikuja siku moja kumletea miwani aliyoisahau nyumbani, akamuulizia mlangoni kwa jina alilomwolea. Kadeti wa zamu alimjibu kwa heshima zote kwamba mtu huyo hayupo hapa, pengine ajaribu ofisi ya maji. Mzee alikwenda hadi ofisi ya maji. Tangu siku ile naye anamwita Mama Stoo, hata mezani kwake.

Wasioijua stoo yenyewe wafahamu kwamba ni chumba cha hatua tano kwa nne, nyuma ya ukumbi, chenye dirisha moja la nondo. Upande wa kushoto kuna rafu za buti, zimepangwa kuanzia za mtoto wa darasa la sita hadi lile jozi moja kubwa ambalo halijawahi kupata mguu wake. Kulia kuna bereti, zimelazwa ndani ya makopo ya biskuti. Katikati kuna meza ya kupigia pasi, ambayo zamani ilikuwa mlango na bado ina kitasa. Kadeti wengi wameingia chumba hicho wakilia na kutoka wakiwa wamenyooka kola.

Kuhusu buti, Mama Stoo alikuwa na msimamo mmoja: kila kadeti apewe saizi moja zaidi. Alisema mguu wa mtoto haungoji mtu. Matokeo yake ni kwamba kikosi chetu kilipokuwa kikitembea, mguu ulitua kwanza, buti likafuata baadaye. Kila hatua ilitoa milio miwili. Kwenye mashindano ya gwaride ya mwaka fulani, jaji mmoja aliandika kwamba kikosi chetu kina mdundo wa pekee usiopatikana kwingine, akaomba afundishwe. Tulimaliza wa tatu. Nafasi ya tatu tumeipata mara nne kwa jumla, na ni mara moja tu ambapo vikosi vilivyoshiriki vilikuwa vitatu.

Haitakuwa haki kuliruka suala la dira. Katika mashindano ya kusoma ramani, kadeti watano walitakiwa kutoka ukumbini hadi kwenye tangi kubwa la maji upande wa pili wa mji, wakiongozwa na dira pekee. Mama Stoo ndiye aliyefunga vifaa. Kwa kuwa anapenda vitu vya chuma vikae pamoja, alitia ndani ya mkoba wa dira ile sumaku yake ya kuokotea sindano zilizoanguka. Kiongozi wa timu akauvaa mkoba shingoni. Kuanzia hapo, kila alikogeuka, kaskazini ilikuwa kifuani mwake.

Walitembea saa tatu, wakapita mbele ya duka moja la saruji mara sita, mpaka mwenye duka akaanza kuwapungia mkono kama majirani wa zamani. Mwishowe wakatokea kwenye mlango wa nyuma wa jengo fulani, na kumbe ni mlango wa stoo. Mama Stoo alipowaona alidhani wana njaa, akawapa chai na mkate. Wao wakadhani amewekwa pale kama kituo cha ukaguzi, wakampa karatasi aitie sahihi. Akaitia. Walishika mkia, lakini taarifa ya majaji ilitaja kwa wema kwamba hicho ndicho kikosi pekee kilichomaliza kikiwa kimeshiba.

Nimeyasema hayo kwanza ili msomaji aelewe kwamba Mama Stoo si mtu wa kupata hofu upesi. Miaka kumi na moja iliyopita, hata hivyo, alipata hofu, na sote tulipata.

Makao makuu yalituma barua. Kikosi chochote kitakachokutwa na kadeti chini ya thelathini siku ya ukaguzi kitafungwa, na ukumbi wake utatumika kuhifadhia viti. Barua ilisisitiza kwamba watakaohesabiwa ni wale waliosimama kwenye gwaride, si majina ya daftarini. Sisi tulikuwa na thelathini kamili. Wiki mbili kabla ya ukaguzi, familia moja yenye watoto wawili ikahama mji, na watoto wake wote wawili walikuwa kadeti. Tukabaki ishirini na wanane.

Kamanda alizunguka shule zote za jirani akitafuta vijana wawili. Ulikuwa wakati wa mitihani. Walimu walimtazama kama mtu aliyekuja kuazima madirisha. Jioni ya kuamkia ukaguzi alikaa kwenye ngazi ya ukumbi, bereti magotini, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda viti navyo vinahitaji mahali pa kulala. Mama Stoo alimsikia kupitia dirisha la nondo. Alichukua mkoba wake akaenda kwa kinyozi.

Kinyozi huyo ana banda lake ng'ambo ya barabara, na wakati ule alikuwa na miaka arobaini na miwili, kipara, na masharubu aliyoyapenda kuliko wateja. Mtu wa pili aliyemwendea alikuwa wifi yake, dada wa fundi redio, mama wa makamo mwenye umbo dogo na wajukuu wawili. Alichowaambia hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba saa mbili asubuhi iliyofuata kikosi kilipopanga mistari, mstari wa nyuma ulikuwa na kadeti wawili wapya, bereti zimeshuka hadi kwenye nyusi.

Kamanda alipita kuhesabu. Alifika kwenye masharubu, akasimama. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku hiyo Kamanda aliamua kuambiwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, akaendelea kuhesabu. Thelathini.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mrefu, miwani minene, kalamu mbili mfukoni, na uso ambao haukuwa na kazi ya kucheka. Alipita mstari wa kwanza, akapita wa pili. Alipofika kwa wifi alimuuliza umri.

"Kumi na sita, Afande," alijibu wifi.

Mkaguzi alirekebisha miwani. "Unasoma wapi?"

"Nimepumzika kidogo, Afande."

Hatujui swali la tatu lingekuwa lipi, kwa sababu kinyozi alianguka. Sare aliyopewa ilikuwa ya kadeti wa miaka kumi na tano, jua lilikuwa limepanda, na tangu asubuhi alikuwa amelibana tumbo kwa kulivuta ndani, huku akipumua kidogo kidogo, kwa zamu. Alikwenda chini mzima mzima kama gunia. Bereti ikabingirika, kipara kikang'aa mbele ya watu wote.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nibaki kwenye kikosi hiki hadi leo. Hakuna aliyepiga kelele. Kiongozi wa huduma ya kwanza, msichana wa miaka kumi na minne, aliinua mkono mmoja tu. Wanne walikwenda na machela, wawili wakazuia jua kwa blanketi, mmoja akalegeza mshipi na kufungua kola, mwingine akainua miguu ya mgonjwa na kuiegemeza kwenye ngoma. Wengine wote walibaki wamesimama mguu sawa, macho mbele. Kabla dakika mbili hazijatimia kinyozi alikuwa kivulini, amefumbua macho, akiulizia masharubu yake.

Wakati huohuo, kutoka kwenye uzio, mjukuu wa wifi alimtambua mtu wake. "Bibi," aliita, "mbona umevaa nguo za shule?"

Kamanda alifungua mdomo, ila Mama Stoo alishatoka stoo, aproni kiunoni, pasi bado mkononi, akasimama mbele ya mkaguzi.

"Afande, huyu aliyeanguka ni kinyozi, na yule kule ni wifi yangu. Kamanda hakuwatuma. Nguo zimetoka stoo kwangu, kwa hiyo kosa limetoka stoo kwangu. Ukitaka kumwandika mtu, niandike mimi."

Mkaguzi alitazama pasi. Kisha akawatazama wale vijana wanane waliopiga magoti kivulini, mmoja akihesabu mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi, mwingine akimnywesha kinyozi maji kwa kijiko kana kwamba ni mtoto mchanga.

"Na hao wanaomhudumia," aliuliza, "nao ni vinyozi?"

"Hapana, Afande," alijibu Mama Stoo. "Hao ndio kadeti."

Mkaguzi alichukua kalamu. Nakala ya taarifa yake imetundikwa ukumbini, na sentensi yake ya pili inasomeka hivi: kikosi kina kadeti ishirini na wanane na mgonjwa mmoja. Sentensi ya tatu inatupa miezi sita kutafuta wawili waliopungua. Chini kabisa, kwa kalamu ile nyingine, ameongeza kwamba mtunza stoo apewe onyo. Onyo lilitolewa siku hiyohiyo. Mama Stoo aliomba liandikwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa alikuwa ameacha miwani stoo.

Miezi sita haikuhitajika. Kinyozi alirudi kwenye banda lake na habari, na kila aliyekaa kwenye kiti chake, shingo ikiwa chini ya wembe, alisimuliwa jinsi watoto wale walivyomwokoa kutoka mikononi mwa mauti. Mauti yenyewe yalizidi kukaribia kila aliposimulia. Watu walio chini ya wembe husikiliza vizuri. Katika wiki tano tulipata vijana kumi na tisa, na leo tuko sitini na watatu. Kadeti wetu husimamia huduma ya kwanza kwenye mechi za uwanja wa mji, wamezibua mifereji ya mitaa mitatu, na wamepanda miti mia mbili kando ya barabara ya hospitali, ambayo mia na arobaini kati yake bado inapumua. Yule msichana aliyeinua mkono sasa ni muuguzi. Kinyozi anakata nywele za kikosi kizima kila mwisho wa mwezi, na amepigwa marufuku kuvaa sare.

Jumamosi baada ya kustaafu kwake, kikosi kilimwandalia Mama Stoo gwaride la heshima. Kwa miaka yote ile hakuwahi kusimama upande wa mbele; gwaride alilijua kwa nyuma, kupitia dirisha la nondo, akihesabu mashati yaliyochomoka. Safari hii Kamanda alimwomba apande jukwaani apokee saluti. Alifanya mazoezi wiki nzima sebuleni. Mumewe alijitolea kuwa kikosi, na vilevile kuwa mwalimu: alisimama mbele yake, ana kwa ana, akapiga saluti, naye Mama Stoo akamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Hakuna kati yao aliyeona tatizo.

Basi siku ilipofika, Kamanda akatoa amri, na Mama Stoo, gauni lake la bluu limenyooka kama karatasi, akapeleka mkono wa kushoto kwenye paji la uso. Ulikuwa mkono ulionyooka vizuri kabisa. Nilisikia mtu mmoja akivuta pumzi nyuma yangu.

Kadeti wa mwisho kulia, mstari wa mbele, kijana ambaye mwaka uliopita alishonewa suruali ileile mara nne, aliinua mkono wa kushoto. Aliyefuata akamtazama, akainua wa kushoto. Ukapita mstari mzima, ukaingia wa pili, ukaingia wa tatu, mikono sitini na mitatu ya kushoto. Kamanda, mtu ambaye aliwahi kunizungusha ukumbi mara tano kwa kosa la kujikuna pua, alikuwa ameshafika nusu ya safari na mkono wa kulia. Aliushusha, akainua mwingine.

Baadaye, wakati wa soda, Mama Stoo alinivuta pembeni akaniuliza kama mkono wake ulitetemeka. Nilimwambia haukutetemeka hata kidogo.

Mama Stoo, kikosi kinakushukuru kwa kila kola, kila buti na kila kikombe cha chai. Fundi redio ametuahidi kwamba nyumbani hakuna cha kupiga pasi hadi mwezi ujao. Tunakuombea siku ndefu, magoti mepesi, na wajukuu wanaovua viatu mlangoni. Ustaafu mwema, mama yetu.