Kibao Kipya cha Bwawani

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la Fundi Bomba, chini kabisa ya bwawa linalolisha mji maji tangu baba zetu hawajaoa. Fundi Bomba anaziba mabomba. Profesa anatengeneza redio na kunyamaza hajui. Dada Birika anatuuzia kahawa. Mimi na yeye nyumba zetu zinapakana ukuta. Asubuhi ile kibao cha bwawani kilikuwa kimebadilishwa. Cha zamani kilisema HATARI NDOGO, kipya kikasema HATARI KUBWA. Hata salamu tulisahau.

FUNDI BOMBA: Si mmeona? Nilisema ukuta ule unavuja, mkasema nawachuria.

PROFESA: Kuvuja si kitu. Tatizo ni maji yenyewe. Yakikaa miaka hamsini mahali pamoja yanazeeka, yanaongezeka uzito.

FUNDI BOMBA: Maji yanaongezeka uzito?

PROFESA: Wewe ulikuwa na kilo ngapi ulipooa?

MIMI: Hapo kakupata, Fundi.

FUNDI BOMBA: Haya, na kambale je? Mle kuna kambale wakubwa kama ndama. Kutwa wanachimba ukuta kwa chini.

DADA BIRIKA: Wanachimba ili waende wapi?

FUNDI BOMBA: Dada, wewe mimina kahawa.

PROFESA: Dawa ni moja tu. Tuyapunguze! Saa kumi kamili mtaa mzima tufungue mabomba, yamwagike mpaka kesho.

DADA BIRIKA: Mabomba yapi, kaka? Langu wiki ya pili hii linatoa upepo.

Tulicheka mpaka Profesa akamwagikiwa na kahawa. Tukiwa bado tunajifuta machozi, akafika mama mmoja wa idara ya maji, buti zimejaa tope, faili kwapani. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Profesa hakumpa hata nafasi ya kukaa, akamuuliza ukuta umebakiza siku ngapi.

AFISA: Ukuta ni mzee, ndiyo, na tunaupima kila wiki. Lakini kibao hakisemi kwamba ni mbovu. Kinasema ukibomoka, wataumia wangapi. Ulipojengwa, huku chini yalikuwa majani matupu.

PROFESA: Na sasa?

AFISA: Sasa mpo nyinyi.

Mama akafungua faili.

AFISA: King'ora kikilia mna dakika kumi na mbili kufika shuleni, kule juu. Dada, kwako nimeandika watoto wawili wadogo. Nani atawabeba?

DADA BIRIKA: Mimi. Mmoja mgongoni, mmoja mkononi.

AFISA: Na mama yako asiyetembea?

Dada Birika akageuka, akatutazama mmoja mmoja, sisi tunaokunywa kahawa yake kila siku na kumwita dada. Fundi Bomba ana watoto watano. Profesa anatembelea fimbo. Mimi mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nilitaka kuinua mkono, haki ya Mungu nilitaka, lakini haukuinuka, na aibu ile sijawahi kuionja tena.

Mama wa maji alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Kisha akauacha mstari ule mtupu, akaenda nyumba ya pili, ambayo ni yangu.