Nani Alimfunza Mama Warsame

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la chai, mtaa wa Al Mansoura hapa Doha, na hujaa Ijumaa alasiri, siku ambayo wengi wetu hatuendi kazini. Ijumaa moja ya mwaka 2013 alikuja Warsame, dereva Msomali aliyejifunzia Kiswahili Eastleigh, na kopo alilotumiwa na mama yake kutoka Kisimayu. Ndani mlikuwa na shushumow: vipande vidogo vya unga vilivyokaangwa, vyenye mistari mgongoni kama gamba la kombe, vimegandiwa na sukari. Akatukaribisha. Haji wa Makunduchi, naye dereva, ambaye sote tulimwita Profesa, akatia kimoja mdomoni.

— Hivi visheti. Vya kwetu Unguja. Nyie mmeiga tu.

Ningekuwa muungwana ningebadilisha mazungumzo, lakini kahawa ilikuwa bado nyingi na mimi nilitaka kusikia.

Cornelius, mlinzi kule Lusail, tunayemwita Sajini, alikataa. Ile mistari, alisema, huchorwa kwa uma, na uma Somalia uliletwa na Waitaliano.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Bila uma hakuna kisheti, buda.

Nafula, anayetandika vitanda hoteli moja ya The Pearl, akauliza uma wa nini. Kwa habari zake, aliyeanza ni bibi harusi aliyekatazwa na mkwewe kula kombe. Akajipikia makombe ya unga, mistari akaipiga kwa kitana chake. Tulipotaka kujua harusi hiyo ilikuwa wapi, akatuambia tumuulize Profesa, kwani yeye hakosi shughuli ya harusi. Watu wakacheka. Haji hakucheka, akarudia kwamba Wasomali wameiba.

Warsame akafunika kopo.

— Mama yangu hajaiba kitu cha mtu.

Milka, mgeni wa wiki moja Doha, akauliza taratibu:

— Kwani mamako alifunzwa na nani?

Warsame hakujua. Akapiga simu palepale, akaongea Kisomali kwa muda, kisha akatuambia kwamba alifunzwa na mama mkwe wake. Huyo naye alifunzwa na nani, mama yake hakuwahi kuuliza, na mkwe ni marehemu.

— Na mama yako wewe, Profesa? akauliza Milka.

Haji akainuka, akasogea hadi yalipoegeshwa magari, akapiga Makunduchi. Tulimwona akisikiliza zaidi ya kusema. Aliporudi alikaa pembeni kabisa.

— Kasema hajapata kupika visheti hata siku moja. Vile vya Idi tulikuwa tukiletewa na jirani.

— Jirani gani? akauliza Warsame.

— Kahama zamani. Mama hakumbuki jina lake, wala mie. Na utoto wangu wote nimekula vyake.

Warsame akafungua kopo, akamsogezea.