Kitabu Kinasema Gari Ni Zima

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usafiri. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wauguzi, wakunga, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja kukaa kwenye mabenchi yanayonuka dizeli:

KARIBU MAMA

Sisi madereva, mafundi na waosha magari wa gereji ya hospitali hii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mikono yenyewe tumeinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, lakini ukiona weusi chini ya kucha utuwie radhi. Huo hautoki, tumezeeka nao.

Umekuja kutuzindulia shimo la ukaguzi. Tumeliomba miaka sita. Kuanzia leo fundi atasimama chini ya gari kama binadamu, badala ya kulala chali kwenye tope huku maji ya matairi yakimwingia sikioni. Tumefurahi mno, na makofi uliyoyasikia hayakuwa ya kuagizwa. Tunajua ratiba yako imebana, lakini tunaomba utuvumilie, maana jambo lililo moyoni bado hatujalisema.

TULIPOTOKA

Gereji hii ilianza na gari moja na fundi mmoja aliyekuwa pia dereva, mlinzi na mpishi wa chai. Leo tuna magari manne na watumishi ishirini. Tunapeleka chanjo, wakunga na wagonjwa kwenye vituo kumi na kimoja. Lami, kama ulivyoona ulipokuja, inaishia mtoni. Kutoka hapo ni mawe, mchanga na makorongo, na mvua ikinyesha, hata hiyo njia inahama.

Tuna desturi moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Tunaiita kusalimia. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, mmoja anakaa kitini na kutikisa usukani kushoto kulia, kushoto kulia. Mwingine analala chini, anaweka kiganja kwenye kifundo cha gurudumu la mbele. Ni chuma cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe chake, mfano wa nyonga ya mtu, na ndicho kinachopeleka neno la usukani kwenye tairi. Kikiwa kizima, kiganja hakisikii kitu. Kikilegea, kinagonga. Basi aliye kitini anauliza, "Limeamkaje?" Na wa chini anajibu, "Salama," au "Linakohoa."

Desturi hiyo alituletea dereva wetu mkongwe, tunayemwita Babu Polepole. Ana miaka ishirini na saba kazini. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na abiria waliochoka.

TULIYOYAFANYA

Kwa miaka minne mfululizo, hadi mwezi uliopita, hakuna kituo kilichokosa siku yake ya chanjo. Akina mama mia mbili na zaidi tuliwachukua wakiwa na uchungu wakarudi na watoto, na watatu kati ya hao watoto walizaliwa kiti cha nyuma. Mmoja ameitwa jina la dereva, ingawa baba yake hakuchekelea sana.

Vilevile tuliomba matairi mapana ya kupita kwenye mchanga, mkatupa. Siku ile tulicheza ngoma hapa uani. Hatukujua kwamba tairi pana ni mzigo kwa usukani, na kwamba kila jiwe linalogonga tairi lile, kipigo kinaishia kwenye kile kifundo. Tumelijua baadaye, na hatumlaumu mtu, kwa sababu barua ya maombi tuliiandika wenyewe kwa furaha.

MAGUMU

Mgeni rasmi, mwongozo wa matengenezo unasema vifundo vya usukani vibadilishwe kila kilomita elfu arobaini. Aliyeuandika hakukosea. Alikuwa na lami kichwani. Huku kwetu mpira unaozuia vumbi unachanwa na miiba kabla ya miezi miwili kwisha. Tukivuka mto, maji yanaosha grisi. Ukitoka mtoni unakutana na mchanga, mchanga unaingia mle ndani na kusaga chuma kama jiwe la kusagia. Kilomita elfu kumi na mbili, kifundo kwisha habari yake! Tunaomba kipya, tunaulizwa, "Kitabu kinasemaje?" Kitabu kinasema bado. Basi tunangoja.

Na hapa ndipo tulipokosea sisi. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, acha tuseme.

Tukiandika kwenye kitabu cha gari, kile cha ukaguzi wa kila asubuhi, neno "bovu", gari linasimama wiki tano, sita, likingoja kifaa. Wiki sita bila gari ni kituo kizima bila mkunga. Kwa hiyo tukajizoeza kuandika "zima" na yale mengine kuambiana kwa mdomo. "Ukikata kulia, anza mapema." "Lile la pili linavuta kushoto, libembeleze." "Kwenye mteremko usiliamini." Kila gari lina maneno yake, na kila dereva anayajua, na tulijiona mabingwa kweli. Mchezo wa usukani, yaani ule mzunguko wa bure kabla gurudumu halijasikia, ulikuwa wa kidole kimoja, ukawa vidole viwili, viwili vikawa vitatu, nasi tumeuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi kilio kimetuumbua.

SIKU YA GARI LA PILI

Mwezi uliopita Babu Polepole alirudi kutoka likizo ya siku thelathini. Alipangiwa gari la pili. Mkunga alikuwa ameshakaa, sanduku la chanjo limeshafungwa kamba, na barafu haingoji mtu. Babu alifungua mlango akamuuliza fundi wa zamu, "Limeamkaje?"

Fundi alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Hakulala chini. Akajibu, "Salama babu, nenda tu." Kitabuni palikuwa pameandikwa "zima" kwa siku ishirini na tatu mfululizo. Yale maneno ya mdomo, kwamba gari lile kwenye mteremko usiliamini, hakuna aliyekumbuka kumpa mtu aliyekuwa likizo.

Saa nne na nusu, wakishuka kwenda kwenye kijito cha pili, Babu alikata usukani kulia. Usukani ulikwenda. Gurudumu halikwenda. Gari liliingia korongoni kwa ubavu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini mkunga wetu alivunjika mfupa wa bega. Yuko hapa mstari wa mbele, mkono kwenye kitambaa. Tulimuuliza kama tunaweza kumtaja, akasema, "Nitajeni, tena semeni kwa sauti. Eti taarifa inasema mwendo wa kasi, kasi gani? Nilimwambia mwenyewe, babu, hata kuku wanatupita! Akanijibu, 'Waache wapite, wao hawana chanjo.'"

Mama, taarifa ya ajali inasema: uzembe wa dereva, mwendo wa kasi, gari lilikuwa zima kwa mujibu wa kitabu. Mtu aliyeitwa Polepole miaka ishirini na saba ameandikiwa mwendo wa kasi! Amesimamishwa. Amezuiwa kuingia geti hili. Jumatatu kikao cha nidhamu kinaketi, wewe ukiwa mwenyekiti, na tumesikia kwamba ataachishwa kazi na kunyang'anywa leseni.

Risala husomwa kwa "sisi", na mimi nimejitahidi. Ila sentensi inayofuata haikubali. Yule fundi aliyekuwa na kikombe cha chai ni mimi ninayesoma. Ule mwandiko wa "zima" siku ishirini na tatu ni wangu. Babu Polepole ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja kwenye chuma, mimi mwanamke pekee katika gereji hii, wakati wenzangu wakicheka. Aliwaambia, "Chuma hakiulizi kimeshikwa na nani." Na yeye, alipopelekewa barua, hakunitaja. Nilimfuata nyumbani kwake nikilia, akaniambia, "Nyamaza mwanangu. Sisi wote tuliandika, kalamu tu ndiyo ilikuwa yako."

Nakiri hapa mbele ya watu: silali vizuri.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba vifundo vya usukani vipimwe kwa njia tunayopita, si kwa kilomita tu. Tunaomba mipira ya kuzuia vumbi na grisi viwepo stoo wakati wote, ni vitu vidogo. Tunaomba gari moja la akiba, ili neno "bovu" lisiwe adhabu kwa wajawazito.

Na Babu Polepole arudishwe kazini. Kama kosa ni lazima liwe na mwenyewe, tumekubaliana jana, kwa kura ya kunyoosha mikono, kwamba mwenyewe ni sisi. Adhabu tugawiwe, kila mmoja abebe kipande chake. Cha kwanza nipewe mimi.

UKURASA WA KALAMU

Mgeni rasmi, kurasa zilizotangulia zilichapwa kwa mashine. Huu nimeuandika kwa kalamu nusu saa iliyopita, ulipokwisha kukata utepe ukaenda kutembezwa wodini, kwa hiyo utanisamehe nikikwama kwenye mwandiko wangu mwenyewe.

Babu Polepole yupo hapa nje. Barua inamzuia kuingia, haimzuii kukaa kwenye jiwe ng'ambo ya ukuta, na leo amekuja kusikia makofi ya shimo alilolipigania. Gari lako lilipopita getini kwenye tuta, alisikia mlio. Akamwita mlinzi, akamwambia, "Nenda kamwambie fundi, gurudumu la mbele la kushoto la mama yule linakohoa. Asiondoke nalo."

Dereva wako alitushangaa. "Mbona linakwenda vizuri tu?" Tukamjibu, hata letu lilikwenda vizuri tu. Tukaomba ruhusa yake, akatoa. Tukaliweka jeki, mmoja akatikisa usukani, mimi nikashuka kwenye shimo lako jipya nikaweka kiganja. Mama, kwa mara ya kwanza maishani niliogopa chuma. Nilipokivuta, kifundo kilitoka kwenye kikombe chake kikabaki mkononi mwangu. Hatukutumia nyundo.

Kipo hapo mbele yako mezani, kwenye kitambaa cheupe, kando ya chupa ya maji. Tafadhali kiguse, kimepanguswa. Ukikitikisa utaelewa kuliko ninavyoweza kusoma.

Tunaomba usimkasirikie dereva wako. Hana kosa lolote. Tumefungua kitabu cha gari lako, na mstari wa asubuhi hii umeandikwa "zima". Mwandiko si wangu, lakini neno ni lile lile, na nina hakika aliyeliandika huko makao makuu alikuwa na sababu zake kama mimi. Chini yake nimeandika "BOVU", nikaweka saa na sahihi. Gari lako halitoki hapa leo. Kitabu hicho tunaomba ukichukue wewe mwenyewe, Jumatatu ukiweke mezani kando ya kile cha gari la pili.

Utarudi kwa gari letu la kwanza. Limesalimiwa na watu watatu, na tumelibadilishia kifundo tulichokuwa tumemwekea mgonjwa mwingine, gari la tatu. Ukipita getini, taratibu, utaona mzee wa kofia ya buluu kwenye jiwe. Hakutuma tumwombee, na akijua nimesoma haya atanigombeza. Simama kidogo tu, umsalimu.

Mungu akufikishe salama, akupe njia iliyonyooka, na kila ukikata kulia, gurudumu lisikie.

Ni sisi wako watiifu, madereva, mafundi na waosha magari wa gereji ya hospitali. Ndani ya ukuta huu tuko kumi na tisa. Wa ishirini yuko nje ya geti.