Shanga za Beseni Lililopasuka

Pa! Pa! Pa! Makuti yakiungua hulia hivyo, na mpaka leo mlio ule ninao masikioni. Lilikuwa jiko la shangazi yangu aliyenilea. Aliyelichoma ni mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa na nia mbaya. Mdogo wangu alikuwa mwali, yuko ndani, siku ya kutolewa imeshapangwa, na duka la kijiji halina sabuni, halina kanga, sembuse shanga. Mwali atachezwa shingo tupu? Nikamwambia mlangoni, "Nitakutengenezea mwenyewe."

Akacheka. "Kwa udongo, dada?"

"Kwa beseni lililopasuka!"

Nikaokota jalalani vipande vya mabeseni na ndoo, nikavitia chunguni viyeyuke. Vikashika moto, moto ukapanda paani. Mbegu za mahindi tulizoning'iniza juu ya moshi zikateketea. Mikono ikababuka. Wenzangu kisimani wakaanza kunitania: "Jamani, ficheni makuti, anakuja!" Nilicheka nao, nikirudi nyumbani nalia. Mwisho nikakoma kutoka.

Mikono ilipopona, shangazi akaniambia nichemshe maji uani. Kipande chembamba cha plastiki ya buluu kikadondokea sufuriani. Mama zangu! Kikalegea, kikajikunja polepole, chenyewe. Nikakiopoa kwa kijiti. Kikapoa vilevile, kimeviringana. Nilishika mdomo. Kitu cha jalalani! Kumbe hakikutaka kuyeyushwa, kilitaka kulainishwa tu.

Fundi baiskeli, mtu wa Misugusugu aliyehamia kwetu Kisarawe, akanipa spoku kuukuu. "Usije ukanichomea na baiskeli, mwanangu." Nikawa naviringisha vipande kwenye spoku: maji ya moto, halafu ya baridi. Shangazi akitunga kwa uzi wa katani. "Hii nyekundu ilikuwa ndoo yangu," akasema, "leo inakwenda ngomani!"

Mwali alipobebwa mabegani, jua likampiga shingoni. Vigelegele vikapaa. Somo wake, aliyemfunda, akaninong'oneza, "Hizi zimetoka Unguja?"

Namshukuru shangazi, aliyepoteza jiko asinipoteze mimi. Nawashukuru majirani waliotugawia mbegu, hata wale wa kisimani. Na fundi wangu. Nanyi nawaomba: mtu akiharibu katika kujaribu, msimfukuze jikoni.

Ngoma ilipoelekea uwanjani, sikuifuata mara moja. Niliingia chumba alichowekwa mdogo wangu, nikaukunja mkeka wake, nikauegemeza ukutani.