Sijambo Iliyorekodiwa

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kushonea nguo, na kwa kuwa napenda kila mtu aitwe ipasavyo, nitawataja. Mwenye duka ni Fundi, jina analolistahili. Wa pili ni Daktari, ambaye hajatibu mtu maishani mwake. Alilinda geti la hospitali mpaka akastaafu. Wa tatu ni Redio, kinyozi wa duka la jirani, na jina lake halihitaji maelezo. Mimi huitwa Karani, maana nilikuwa karani. Alasiri ile cherehani ilikuwa kimya, gauni la bibi harusi limelazwa juu yake likiwa limeshonwa mkono mmoja tu, na kahawa ya Fundi ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mkewe alikuwa ng'ambo, amekwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Jumapili mke huyo alianguka jikoni.

— Bima wamekataa, Fundi akasema.

— Wamekataa nini? Daktari akauliza. Si mkweo alimkatia bima kabla hajapanda ndege?

— Alimkatia. Mshipa wa moyo umeziba, madaktari wako tayari kuuzibua, lakini bima hawatoi ruhusa. Wanasema mke wangu aliwadanganya.

— Shemeji? Redio akaruka, nusura atumwagie kahawa. Shemeji huyu huyu anayerudisha hata kifungo alichookota?

— Kabla ya kumwandikisha, watu wa bima walimpigia simu, pamoja na mkalimani. Wakamuuliza, "Mama, hujambo?" Akasema, "Sijambo." "Na afya?" "Nzuri tu, mwanangu." "Huna tatizo lolote?" "Sina, tunamshukuru Mungu." Sasa hospitali wamekuta ana presha, na vidonge vyake vimo mkobani. Basi, wanasema, alijua anaumwa, akaficha. Ushahidi wanao, wamerekodi.

— Wamerekodi nini?

— Hiyo sijambo.

Neno hilo nimelitamka tangu nijue kusema. Nililitamka hata siku niliyomzika mama yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuliweka mahali, akaja kukushitaki nalo.

— Na leo watanipigia mimi, Fundi akasema. Nikisema alijua, basi alificha. Nikisema hakujua, vidonge vilikuwa vya nani?

— Vyako! Redio akasema.

— Vyangu vimefuata nini ng'ambo?

— Matembezi! Fundi, huoni ni mtego? Wana ofisi nzima ya kusalimia watu. Kazi yao hujambo, hujambo, kutwa. Ukiitika tu, umekwisha.

— Si ofisi, Daktari akasema. Ni mashine. Mimi nimekaa hospitali, najua. Unasema sijambo, yenyewe inakupima moyo kwa sauti, inajua unadanganya.

— Ulikaa getini, wewe.

— Geti ni sehemu ya hospitali!

— Mashine hiyo ikinisalimia mimi asubuhi italipuka, Redio akasema. Halafu fikirini jamani, shikamoo je? Mtoto anasema shikamoo, shemeji anaitika marahaba. Wameandika nini? Amekubali masharti!

— Lahaula.

— Akiaga, "Tutaonana Mungu akipenda"? Wameandika, mwenyewe hana uhakika wa kufika kesho. Na akisema "Karibuni nyumbani", basi nyumba imekwenda!

Daktari akakiweka kikombe chini polepole. Nilimwona akikumbuka watu wote aliowahi kuwakaribisha.

— Nyamazeni, Fundi akasema. Mke wangu yuko kitandani.

Tukaona haya. Hapo ndipo simu ilipoita. Fundi akaiweka mapajani, akafungua spika ili sote tusikie. Sauti ya msichana, laini, yenye adabu, ikasema:

— Shikamoo, mzee. Mimi ni mkalimani wa bima. Hujambo?

— Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa, namshukuru Mungu.

Redio akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. Fundi mwenyewe alikuwa ametoa macho, kama mtu aliyejidunga sindano ya cherehani kidoleni. Mimi si mtu wa kuingilia mazungumzo ya wengine, lakini niliinamia ile simu.

— Binti, nikasema, mimi ni rafiki yake. Huyu uliyemsalimia hajala tangu Jumapili. Gauni la bibi harusi limebaki na mkono mmoja, hawezi kushona. Mkewe anaweza kufa, na bado amekwambia hajambo kabisa. Je, naye amekudanganya?

Tukamsikia akiongea na wenzake kwa lugha yao, nao wakimuuliza, naye akijibu, wakauliza tena. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Nimekuelewa, mzee. Mama yangu yuko vivyo hivyo. Lakini hawa wakubwa wako hapa, na mimi ndiye niliyetafsiri maneno ya mke wa mzee siku ile. Niliwaambia amesema ni mzima. Sasa wanataka kujua: kama sijambo si "mimi ni mzima", niwaambie ni nini?

Fundi akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Redio, naye Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na neno. Kisha wote wakanigeukia mimi.

— Halo? Wazee wangu, bado mpo?

— Tupo, binti, Fundi akajibu upesi, hatujamb...

Akajiziba mdomo kwa kiganja.