Namba Nne

Kwenye basi la Memphis, mzee aliyeketi mbele yangu aliona beji ya chama cha udugu cha wanabendi wa chuo kwenye koti la jirani yake, kijana aliyepakata tarumbeta. Mzee naye alivaa kama hiyo, iliyochakaa.

"Ndugu, bendi si inapiga Atlanta leo?"

"Nimeacha chuo, mzee. Narudi Memphis kwa shangazi."

"Anakutaka?"

"Atanizoea."

"Mimi nimelala kwa ndugu wa beji hii miji kumi na tisa, sijabisha hodi mara mbili." Wazee na hesabu zao! "Bado kila mtu hutaja namba yake kabla basi la bendi halijaondoka?"

"Bado. Yangu nne."

"Kumbe leo asubuhi walisema tatu, wakanyamaza, wakasema tano."

Basi liliposimama Batesville, kabla ya Memphis, kijana aliinuka, akaketi, akainuka tena, akaelekea mlangoni na tarumbeta yake.

"Nne," alisema, na hakuna aliyemuuliza.